Ipimwe Reli Kwanza, Ndipo Kinunuliwe Kichwa

Yapo maneno ambayo yamezoeleka mno katika baadhi ya ofisi zetu, na ambayo sasa yafaa yakanushwe hadharani. Kila inapozuka hoja kwamba kichwa fulani cha treni ya dizeli kinaifaa njia fulani na kingine hakiifai, hoja hiyo hujibiwa kwa wepesi kwamba injini ni injini. Maadamu inanguruma na kuvuta mabehewa, mengine yote ni porojo za mafundi. Maneno haya ni ya kizembe. Yameligharimu taifa hili kwa muda mrefu, na wanaoilipa gharama hiyo si wale wanaoyatamka. Wanaoilipa ni wananchi waliopo mwisho wa reli, na wale waliopo mbele zaidi ya mwisho wa reli, kama wananchi wa Mwese.

Mwese ipo katika nyanda za juu magharibi ya Mpanda, Mkoa wa Katavi, kuelekea milima inayotazamana na Ziwa Tanganyika. Ni nchi ya Wabende na Watongwe, na katika miaka ya 1960 ilipokea pia wakimbizi kutoka Rwanda, ambao walifyeka, wakalima na kujenga. Reli haifiki Mwese. Reli inakoma Mpanda mjini, na kutoka hapo mzigo hupanda milima kwa lori. Basi huenda msomaji akauliza: vichwa vya treni vinawahusu nini watu wa Mwese? Vinawahusu sana. Gunia la mahindi linaloshuka kutoka Mwese na bati linalopanda kwenda kuezeka darasa la Mwese hupata bei yake kwa kutegemea ni njia ngapi za usafiri zinazoshindana pale Mpanda. Treni inapokuwepo, mwenye lori hushusha nauli. Treni inapokosekana, mwenye lori hupanga apendavyo, na mkulima hana pa kukata rufaa.

Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita zipatazo 210, lilifunguliwa mwaka 1950. Halikujengwa kwa ajili ya mkulima. Lilijengwa ili kusomba madini ya risasi kutoka mgodi uliokuwa mikononi mwa kampuni ya kigeni pale Mpanda. Miaka kumi haikupita sana, mgodi ukafungwa. Kampuni ikaondoka, lakini reli ikabaki, na wananchi wakaigeuza kuwa yao. Iliyokuwa njia ya madini ya mabepari ikawa njia ya mahindi, mbao, tumbaku na abiria. Hata hivyo ilibaki na alama ya kuzaliwa kwake: ilikuwa njia ya vyuma vyepesi, iliyotandazwa kwa gharama ndogo kadiri ilivyowezekana, ili kampuni ichukue chake na kwenda zake. Kila anayetaka kupeleka treni Mpanda hana budi kuanza na ukweli huo.

Sasa na tuieleze hesabu yenyewe, maana ni hesabu ya shule ya msingi. Reli haijali jina la kichwa wala rangi yake. Inachojali ni uzito unaoshuka juu yake kupitia kila ekseli, yaani kila mhimili unaounganisha magurudumu mawili. Tuseme kichwa kina uzito wa tani 96 na ekseli sita: kila ekseli itaikandamiza reli kwa tani 16. Kichwa cha uzito huo huo kikiwa na ekseli nane, kila moja itabeba wastani wa tani 12. Tofauti ya tani nne katika karatasi ni tarakimu tu. Juu ya chuma chepesi kilichofungwa kwenye mataruma ya siku nyingi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama treni itapita au itaanguka. Chuma hupinda, viungo hulegea, tuta hubonyea, na kila treni inayopita huiachia madhara inayofuata. Ndiyo maana wahandisi wa njia huweka kikomo cha uzito wa ekseli kwa kila kipande cha reli. Na ndiyo maana kichwa kilichozidi kikomo, hata kiwe kipya na kinang'aa namna gani, hakina msaada wowote kwa mtu wa Mpanda.

Waliosanifu vichwa vya dizeli kwa ajili ya Afrika Mashariki waliijua hesabu hii, na waliijibu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuongeza magurudumu. Mwaka 1960 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilianza kutumia vichwa vya English Electric vilivyojengwa katika kiwanda cha Vulcan Foundry, Uingereza. Kwanza viliitwa kundi la 90, na baadaye kundi la 87. Vilikuwa na nguvu za farasi 1,840 na ekseli nane. Ekseli sita ziliendeshwa kwa mota za umeme. Mbili zilizobaki, moja mbele na moja nyuma, hazikuvuta kitu. Kazi yake ilikuwa ni kubeba uzito tu, ili kichwa chenye nguvu kiweze kupita juu ya reli ambazo zisingekistahimili kikiwa na ekseli sita peke yake.

Njia ya pili ni kupunguza uzito wenyewe. Mfano wake ni kundi la 73, vichwa vilivyotoka kiwanda cha Varanasi nchini India. Mwezi Januari 1976 kiwanda hicho kilipeleka vichwa vyake vya kwanza nje ya India, na nchi iliyovipokea ilikuwa Tanzania. Ni jamaa ya vichwa vilivyoenea katika reli za mita moja za India kwa jina la YDM4: uzito wa tani zipatazo 72, ekseli sita, kila ekseli tani 12, injini ya silinda sita yenye nguvu za farasi zipatazo 1,350. Hakuna gurudumu la bure hapo. Kila gurudumu linalobeba linavuta pia.

Mtu asiyefikiri atauliza ni njia ipi iliyo bora. Swali hilo halina jibu mpaka aseme ni kwa reli ipi. Kichwa chenye ekseli za kubeba tu hupata nguvu nyingi juu ya reli dhaifu, lakini sehemu ya uzito wake huangukia magurudumu yasiyovuta, kwa hiyo mshiko wake kwenye mwinuko hupungua kulingana na uzito wote. Tena kina ekseli zaidi za kutunza na bogi ndefu zaidi katika kona. Kichwa chepesi huweza kwenda hadi ncha ya tawi, lakini treni ndefu na nzito huhitaji viwili vikivuta pamoja. Kila mmoja ni mzuri mahali pake, na kila mmoja ni hasara mahali pasipo pake. Fundi cherehani hashoni suruali kabla ya kumpima mtu. Iweje sisi tununue kichwa kabla ya kuipima reli?

Yafaa pia tuzingatie jinsi Wahindi wenyewe walivyoyaheshimu mambo haya. Usanifu wa YDM4 ulitoka kampuni ya Alco ya Marekani. Vichwa vilivyojengwa Alco na vile vya Varanasi viliitwa YDM4. Vile vilivyojengwa Montreal, Kanada, kwa usanifu huo huo, viliitwa YDM4A. Hao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Hata hivyo waliongezewa herufi moja ili fundi aliye karakanani, maili elfu kutoka makao makuu, ajue mara moja ni kipi kilichopo mbele yake kabla hajafungua kifuniko. Nchi yenye maelfu ya wahandisi iliona haja ya herufi hiyo. Sisi tulio na mafundi wa kuhesabika tunajidanganya kwamba injini ni injini!

Na kuna hazina nyingine ambayo tuliipata, iwe kwa mpango au kwa bahati, nasi hatukuilinda ipasavyo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 tulikuwa na vichwa vya kundi la 88 kutoka Montreal, vikubwa na vyenye nguvu zaidi kwa ajili ya njia kuu. Injini yake ilikuwa ya silinda 12, na ile ya kundi la 73 ya silinda sita. Lakini zote mbili zilikuwa za ukoo mmoja wa Alco, ukoo wa 251, wenye silinda za kipimo kimoja. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba fundi wa Morogoro aliyejifunza tabia ya injini moja hakuwa mgeni mbele ya nyingine. Maana yake ni kwamba pistoni na vipuri vingine vya silinda vingeweza kuwekwa katika ghala moja na kuvihudumia vichwa vya aina mbili, kimoja cha njia kuu na kingine cha matawi. Huo ndio mpango wa nchi maskini yenye akili: tofauti ziwepo pale reli inapozidai, na ufanano uwepo pale ghala na mafundi wanapoudai.

Mkoloni hakutupenda, wala hatuna sababu ya kumsifu. Lakini alijua kuhesabu faida yake, na kwa hiyo alijua kupima. Katika miaka ya 1950 Shirika la Reli lilipoagiza vichwa vya moshi vilivyopewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, halikuagiza aina moja. Liliagiza makundi matatu ya jamaa moja: la 29, la 30 na la 31. Makundi ya 30 na 31 yaliongezewa ekseli moja nyuma ili kugawanya uzito, na la 31 lilifanywa jepesi zaidi kwa ajili ya matawi ya vyuma vyepesi. Yeye aliyekuja kunyonya aliipima reli kabla ya kuagiza. Je, sisi tuliokuja kujenga tuache kupima?

Yupo atakayesema kwamba hayo ni mambo ya kale. Basi na tuutazame mfano wa nyumbani wa baada ya Uhuru. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976. Ni alama ya udugu wa Tanzania, Zambia na China, na hakuna mzalendo anayeweza kuibeza. Lakini udugu haubatilishi sheria za maumbile. Vichwa vyake vya kwanza vilitumia mtindo wa haidroliki: nguvu ya injini hupita katika mafuta yanayozungushwa kwa kasi ndani ya kasha, na mafuta hayo ndiyo yanayopeleka mzunguko magurudumuni. Kati ya Mlimba na Makambako njia hupanda mlima kwa muda mrefu, tena katika nchi yenye joto. Huko vichwa hivyo vililemewa, na baada ya miaka michache vingi vilikuwa vimesimama.

Likafanyika nini? Baadhi ya vichwa viling'olewa injini za awali na kupandikizwa injini za MTU kutoka Ujerumani. Hivyo basi katika yadi moja vilisimama vichwa viwili vya umbo moja na rangi moja, kimoja kikiwa na moyo wa Kichina na kingine cha Kijerumani, kila kimoja na vichujio vyake, kila kimoja na vitabu vyake. Kisha mwaka 1983 vikaja vichwa 14 vilivyojengwa na Krupp wa Ujerumani kwa usanifu wa General Electric wa Marekani, ambavyo ni vya mtindo wa dizeli na umeme: injini huzungusha jenereta, na umeme wake huzungusha mota zilizopo kwenye ekseli. Vichwa hivyo viliweza kupanda mlima. Lakini tazameni gharama ya somo hilo: chini ya miaka kumi, reli moja, aina tatu za mioyo, mabara matatu ya kutafutia vipuri. Kama mlima ule ungepewa nafasi ya kwanza katika karatasi za kuagizia, somo hilo lingepatikana kwa kalamu na rula.

Kwa upande wa Reli ya Kati, yetu yalianza mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Karakana Kuu ya reli ikabaki Nairobi. Shirika la Reli Tanzania lilizaliwa likiwa na reli ndefu na zana haba, na mafundi wetu walifanya kazi ambayo historia haijawapa heshima inayostahili. Tangu hapo vichwa vimekuja kwa mikono mingi: mkopo wa huyu, msaada wa yule, ukodishaji wa huyo mwingine. Mwaka 2007 asilimia 51 ya hisa za kampuni ya kuendesha reli yetu ilikabidhiwa kampuni ya RITES ya India, nayo ikaleta vichwa na mabehewa ya kukodi kutoka kwao. Wananchi wanakumbuka migomo na malalamiko yaliyofuata, na jinsi Serikali ilivyolazimika kuirudisha reli mikononi mwa umma. Katika miaka ya 2010 vikaja vichwa vipya vya EMD ya Marekani, kampuni ambayo kwa miongo mingi injini zake zimejulikana kwa mtindo tofauti kabisa na ule wa Alco: katika injini ya Alco pistoni hupanda na kushuka mara mbili kwa kila mlipuko, na katika ile ya EMD hupanda na kushuka mara moja tu. Hatusemi kwamba injini ya EMD ni mbaya, inasifiwa duniani. Tunasema kwamba fundi aliyezeeka na Alco hana budi kurudi darasani, na ghala halina budi kuongezwa chumba.

Mwaka 2017 taifa zima lilishangaa Rais John Magufuli alipohoji hadharani habari za vichwa vya treni vilivyokutwa katika Bandari ya Dar es Salaam bila mwenyewe kufahamika. Swali lililokuwa midomoni mwa watu wote lilikuwa: ni vya nani? Lilikuwa swali la haki. Lakini lilikuwepo swali la pili ambalo halikusikika: vina tani ngapi kwa kila ekseli, na vinaweza kwenda wapi? Taifa linalojua kuuliza swali la kwanza tu litamkamata mwizi mmoja. Taifa linalojua kuuliza na la pili litazuia hasara kabla haijapanda meli.

Tusidanganyane kuhusu matokeo ya mchanganyiko huu. Panapokuwa na aina nyingi za vichwa vichache vichache, kila aina hudai akiba yake ya vipuri, vifaa vyake vya kufungulia, mafuta yake, vitabu vyake na mtaalamu wake. Fedha ya ghala hugawanywa hata isitoshe popote. Kichwa kinapokosa kipuri kimoja, mafundi hulazimika kukichomoa kutoka kichwa kingine kilicholala; baada ya muda kile kilicholala kinakuwa mifupa mitupu, na aina nzima inakufa kwa ukosefu wa kitu kinachoweza kushikwa mkononi. Na vichwa vyepesi vinapopungua, je, vilivyobaki vitapelekwa wapi? Vitabaki njia kuu, kwenye mzigo mkubwa na mapato makubwa. Tawi husubiri. Kichwa kizito kilichopo akiba hakiwezi kwenda kuliokoa, kwa kuwa reli yake hairuhusu. Hivi ndivyo tofauti ya usanifu iliyopuuzwa katika ofisi yenye viyoyozi inavyogeuka kuwa gunia la mahindi linalooza Mwese.

Zipo pingamizi ambazo yafaa tuzijibu kwa heshima.

Ya kwanza husema: barabara ya lami kutoka Tabora hadi Mpanda ilizinduliwa mwaka 2022, kwa hiyo tawi la reli limepitwa na wakati. Barabara ile ni ushindi mkubwa wa wananchi wa Katavi na hakuna anayeukana. Lakini barabara bila mshindani huwa mali ya mwenye lori. Tena kila tani ya saruji na mbolea inayosafiri kwa reli ni tani isiyoichakaza lami tuliyoijenga kwa jasho. Barabara na reli ni kama mikono miwili. Hakuna mtu mwenye akili anayekata mmoja kwa sababu mwingine umepona.

Ya pili husema: reli ya kisasa inakuja, treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma katika miezi iliyofuata, kwa hiyo habari za dizeli ni za makumbusho. Sisi nasi tunajivunia reli hiyo. Lakini ni lazima tuseme kweli: reli ya kisasa imesanifiwa kwa uzito wa tani 35 kwa ekseli na upana wa milimita 1,435; tawi la Mpanda ni la milimita 1,000 na vyuma vyepesi. Tawi la Kaliua, Mpanda hadi Karema limo katika mipango, nasi tunalitaka. Hata hivyo mkulima hawezi kupakia gunia lake juu ya mpango. Mpaka siku treni ya umeme itakapopiga honi Mpanda, treni ya dizeli ndiyo treni. Zaidi ya hayo, atakayekuwa hajajifunza kuzitambua tofauti za usanifu katika dizeli hatazitambua katika umeme, ambako tofauti hizo ni ngumu zaidi kuonekana kwa macho.

Ya tatu ndiyo ya hatari, kwa sababu huvaa joho la sheria. Husema: manunuzi ya umma yanadai ushindani, hatuwezi kung'ang'ania ukoo mmoja wa injini. Tunajibu kwamba sheria inakataza kumpendelea mfanyabiashara. Haikatazi kuijua reli yako. Kutaja kikomo cha ekseli, mwinuko wa njia, joto la mahali na vipuri vilivyomo ghalani tayari si upendeleo. Ni kazi ya mnunuzi. Wahenga walisema rahisi ghali. Kichwa kilichonunuliwa kwa bei ya chini kikalala miaka kumi ni ghali kuliko kile cha bei ya juu kinachofanya kazi kila siku.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya tusiifanye fedha ya wengine kuwa nguzo ya maendeleo yetu. Onyo hilo halikuhusu fedha peke yake. Anayekupa mashine ambayo hukuichagua, yenye michoro usiyoimiliki, na vipuri ambavyo yeye peke yake huviuza, amekufunga kamba ndefu ambayo huioni mpaka mashine iharibike. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kujitegemea katika reli hakumaanishi kwamba ni lazima tujenge kila kichwa wenyewe kesho asubuhi. Kunamaanisha kwamba sisi ndio tunaosema tunataka kichwa cha namna gani, na kwa nini.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, kila zabuni ya vichwa kwa reli ya mita moja ianze kwa kutaja njia iliyo dhaifu kuliko zote ambazo kichwa hicho kitatakiwa kupita, na kikomo chake cha ekseli kitangazwe wazi. Pili, koo za injini katika reli hiyo zisizidi mbili, na anayetaka kuingiza ya tatu aeleze kwa maandishi ni nani atakayeitunza na kwa vipuri gani. Tatu, michoro na vitabu vya matengenezo viwe mali yetu kwa mkataba, navyo vitafsiriwe kwa Kiswahili, ili fundi wa Tabora asome kwa lugha anayofikiria nayo. Nne, kila msaada wa vichwa upimwe kwa vipimo hivyo hivyo. Usiofaa ukataliwe kwa shukrani.

Ndugu watumishi wa umma, jambo hili liko mezani kwenu. Karatasi ya kuagizia haiandikwi na waziri. Inaandikwa na ofisa, inapitiwa na ofisa, na inatiwa saini na ofisa. Mwenzenu wa karakanani anapoandika kwamba kichwa hakiifai njia, msiirudishe barua yake kwa maneno kwamba ni utaalamu mno. Mwiteni aeleze. Yule asiyeelewa tofauti ya tani 12 na tani 16 hana haki ya kusaini mabilioni ya wananchi.

Nanyi ndugu walimu, nyinyi mnaweza kuliko mnavyodhani. Hesabu ya uzito wa ekseli ni kugawanya. Mshiko wa gurudumu kwenye mwinuko ni fizikia ya sekondari. Tofauti ya haidroliki na umeme inaelezeka kwa chaki na ubao. Fundisheni hayo Mwese, Mpanda, Kaliua na Urambo, kwa mfano wa reli ambayo watoto wameiona kwa macho yao, badala ya mifano ya mbali ambayo hawataiona kamwe. Mtoto wa mkulima aliyeelewa kwa nini kichwa kizito hakifiki Mpanda ndiye mhandisi wa kesho, na hata asipokuwa mhandisi atakuwa raia ambaye hadanganywi kwa rangi mpya iliyopakwa juu ya chuma kisichofaa.

Wanaosema injini ni injini wamekwisha kusikika vya kutosha. Sasa na wasikilizwe waliopo mwisho wa reli. Hawaombi kichwa kizuri kuliko vyote duniani. Wanadai kile kinachoweza kufika kwao, na kinachoweza kutengenezwa kikiharibika. Atakayeshika kalamu kuagiza vichwa vijavyo aanze kwa kwenda Kaliua, ashuke kwenye tuta, auweke mkono wake juu ya chuma cha tawi la Mpanda, kisha ndipo aandike.